Tazama Mdomo Kwanza

Baba yangu alivua samaki pale Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku nilipomwonyesha tangi langu la vioo sebuleni alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Unanunua samaki kisha huwali?"

Nikamwambia hawa ni wa kuangalia. Basi akaangalia. Alivua miwani, akausogeza uso hadi pua ikakaribia kioo, akatulia hivyo kwa kitambo. Nilidhani anazifurahia rangi. Kumbe alikuwa akimfuata kwa macho samaki mmoja tu, yule mwembamba mwenye mapezi marefu kama tanga, ambaye wafugaji humwita malaika.

"Huyu," akauliza, "mdomo wake ukifunguka unaingia nini?"

Nikamjibu kwamba kwao ni mto Amazon, kwamba ni mpole, kwamba nilimnunua shilingi mia nne.

"Sikuuliza bei, Mama."

Mimi ni mfamasia. Kutwa nzima niko nyuma ya kaunta nikiuliza watu swali moja ambalo huwaudhi: unatumia dawa gani nyingine? Mtu amekuja na karatasi yake, ana haraka, matatu ya Kondele inapiga honi, nami namchelewesha. Lakini kuna dawa mbili nzuri ambazo zikikutana tumboni humlaza mtu hospitali. Nalijua hilo vizuri. Lakini nilipoingia kununua samaki sikumuuliza muuzaji hata mara moja nani anaweza kukaa na nani. Nilinyoosha kidole tu: huyu, na huyu, na wale wanaong'aa.

Tangi lilitengenezwa na fundi wa vioo wa jua kali karibu na Kibuye. Lina urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 45. Ukizidisha unapata lita 162, yaani kilo 162 za maji kabla hujaweka mchanga, mawe wala kuhesabu uzito wa vioo vyenyewe. Seremala nilimwambia anijengee meza ya kubeba watu watatu wanene waliokaa pamoja, akanielewa mara moja.

Samaki wa kwanza walikuja kutoka Nairobi kwa basi la usiku, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Muuzaji alikuwa amepanga mzigo kama anayejaza safina ya Nuhu: neoni tetra kumi, malaika wawili wadogo kama sarafu, samaki wa dhahabu wawili, taiga babu wanne, beta dume mmoja wa rangi ya damu ya mzee, na pleko mmoja "wa kusafisha tangi". Nilijaza maji ya mfereji asubuhi, jioni nikawamwaga wote ndani. Siku ya pili maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Siku ya nne neoni walikuwa wanahema juu ya maji, na kufikia Jumapili nilikuwa nimeshawatoa wote kumi kwa kijiko cha chai, mmoja mmoja.

Hapo sikuweza kulaumu mdomo wa yeyote. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, amonia ileile inayokuchoma macho ndani ya choo cha shimo wakati wa jua. Ziwani inatawanyika. Katika lita mia na kitu inabaki hapohapo na mwenye kuitoa. Inayomwokoa ni bakteria wanaojishikiza kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mimea huifurahia. Bakteria hao hawaji kwa kuitwa. Wanahitaji wiki nne hadi sita wakilishwa kidogokidogo, kwa mfano punje chache za chakula cha samaki zinazooza ndani ya tangi lisilo na samaki. Rafiki mwenye tangi la siku nyingi akikukatia kipande cha sponji yake chafu, amekupa zawadi kubwa kuliko samaki.

Na klorini ya mfereji, kwa kuwa naulizwa sana: maji yakilala usiku kucha kwenye ndoo pana isiyofunikwa, sehemu kubwa yake hupotea. Mimi hutumia sodiamu thiosalfeti kidogo, dawa ya kuiondoa klorini hiyo papo hapo, maana ndiyo kazi yangu na sina subira. Kila wiki natoa robo ya maji na kurudisha mengine. Basi, hayo yatosha kuhusu maji, turudi kwa wakaaji.

Taiga babu ni samaki mfupi, mnene kidogo, wa manjano mwenye mistari minne myeusi. Baba alipolisikia jina hilo aliuliza, "Babu gani huyu asiye na adabu?" Na kweli hana. Beta wangu alikuwa na mapezi marefu yanayoburuta kama kanga ya bibi harusi, na taiga babu wakiona kitu kinachoburuta hawawezi kujizuia. Kufikia siku ya tatu mapezi yale yalikuwa yamebaki kama ufagio uliochakaa, akawa anajificha nyuma ya chujio, akitoka tu kwenda juu kuvuta hewa. Beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kupumua hewa kama sisi, ndiyo maana wengine humweka kwenye gilasi na kudhani anafurahia. Hafurahii, anavumilia tu.

Baadaye nikajifunza kwamba sehemu ya kosa ilikuwa hesabu. Taiga babu wanne wanakuwa wahuni, lakini wakiwa wanane au kumi hufukuzana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akijua cheo chake, na wageni wakapumua. Samaki wengi wadogo wa kundi wako hivyo. Neoni wawili si "jozi", ni samaki wawili wenye hofu. Sita ndio mwanzo, kumi ni bora. Ukiwaweka wachache watapauka rangi na kukaa pembeni, nawe utasema ulidanganywa dukani. Ikiwa fedha au nafasi ni ya samaki kumi na wawili, ni afadhali aina mbili za sitasita kuliko aina sita za wawiliwawili, ingawa najua jinsi mkono unavyowasha mtu akiwa amesimama mbele ya mifuko ile.

Nilipoona tangi limetulia, vipimo vya matone vikionyesha amonia sufuri na naitraiti sufuri kwa wiki nzima, nikaagiza neoni wengine kumi na wawili. Hao waliishi. Wakati Baba anakuja na swali lake la mdomo, walikuwa wanazunguka katikati ya tangi kwa pamoja, ule mstari wao wa buluu ukiwaka kila wanapogeuka, na malaika wawili walikuwa wamefikia ukubwa wa kifuniko cha jamu. Wazuri ajabu. Wakiomba chakula walikuwa wanakuja mpaka kwenye kidole changu.

Miezi miwili baadaye nikahesabu neoni tisa. Nikasema wamejificha kwenye majani. Wiki ile ile wakawa saba. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na harufu, wala chujio halikuwa limenyonya mtu. Usiku mmoja stima ikapotea mtaani kwetu Migosi, kama kawaida yake mvua ikinyesha, nikaenda na tochi kuangalia kama bado wanahema vizuri. Malaika mkubwa alikuwa amesimama wima kati ya majani, hatikisiki, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kitu chekundu kinachochezacheza. Niliinama. Ilikuwa nusu ya nyuma ya neoni. Malaika alinitazama kwa jicho lake la duara, akafanya kama anayemeza kidonge kikubwa bila maji, mara moja, mara mbili, na kile chekundu hakikuonekana tena.

Nilimpigia Baba simu saa nne ya usiku. Hakucheka safari hii. Alisema, "Sisi tuliletewa wa kilo mia."

Anayekaa Kisumu anajua alikuwa anamsema nani. Mbuta, yaani sangara, hakuwa samaki wa Nam Lolwe, ziwa ambalo wengine huliita Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutoka maziwa kama Albert na Turkana, ili ziwa litoe nyama nyingi. Anaweza kufika urefu wa mita mbili na uzito wa kilo mia mbili. Kwa miaka kama ishirini hakusumbua mtu, watu wakamsahau, kisha katika miaka ya 1980 akafumuka. Waliokuwamo ziwani kabla yake walikuwa wadogo: fulu wa aina mamia, wengi wao wakiwa hawapatikani penginepo popote duniani, na ngege, na ningu, na omena. Baba anasimulia kwamba nyavu zilizokuwa zikirudi na fulu debe zima zilianza kurudi na mbuta watano, kisha mbuta ishirini, na fulu hakuna. Wanasayansi wanataja pia maji yaliyojaa rutuba na tope, na nyavu za macho madogo. Lakini kwa mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi, jibu lilikuwa tumboni mwa mbuta wakati wa kumpasua.

Sitaki mtu aseme Baba alimchukia mbuta. Karo yangu ya sekondari ililipwa na mbuta. Bati la nyumba yetu ni la mbuta. Ndiyo maana swali lake halikuwa na ukali wowote. Alikuwa anauliza kama fundi anayepima mlango kabla ya kununua kabati.

Basi sasa kanuni yangu ya kwanza ni yake: samaki wa tangi la nyumbani hana ubaya wala wema, ana mdomo. Kinachotosha mdomoni kitaingia mdomoni, leo au akikua. Kwa hiyo hununui ukubwa unaouona kwenye mfuko, unanunua ukubwa wa mtu mzima. Malaika akikomaa mwili wake hufika sentimita kumi na tano kwa urefu, na kwa kimo, pamoja na mapezi, huzidi hapo. Neoni hafiki hata sentimita nne, tena ni mwembamba kama kiberiti.

Ukisikia pia ile hesabu ya "sentimita moja ya samaki kwa kila lita mbili", ipokee kwa tahadhari. Kwa samaki wadogo inasaidia kidogo. Lakini samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka kama mara nane, na kinyesi chake vivyo hivyo. Samaki mmoja wa sentimita thelathini si sawa na neoni kumi, ni sawa na kijiji. Hapo namkumbuka pleko. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, mwenye sura ya huruma, akiwa amejibandika kwenye kioo kwa mdomo. Pleko wa kawaida huvuka sentimita thelathini. Wangu alipofika kumi na tano alikuwa akilala juu ya mimea kama mlevi kwenye maua ya jirani, akiing'oa kila usiku, na uchafu aliokuwa anatoa ulizidi ule aliokuja kusafisha. Nilimpa mtu mwenye bwawa la zege kubwa. Ukitaka wa jamii hiyo, mtafute yule mwenye ndevu usoni, ansistrasi, ambaye huishia kwenye sentimita kumi na mbili hivi, na umwekee kipande cha mti wa kukwangua.

Samaki wa dhahabu niliwapeleka Nakuru. Dada yangu anakaa Section 58, na tofauti ya miji hii miwili unaielewa ukishuka kwenye matatu jioni bila sweta. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na tangi langu hukaa kati ya nyuzi 24 na 27 mwaka mzima bila kifaa cha kupashia joto. Nakuru iko karibu mita 1,850, na maji ya sebuleni mwake mwezi wa Julai hushuka hadi 18. Samaki wa tropiki wangemfia. Samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China na anapenda maji ya baridi kidogo, amestarehe huko kuliko alivyowahi kustarehe kwangu. Kwangu alikuwa anahema, anachafua maji, na zaidi ya yote alikuwa anaila bustani yangu kama mbuzi aliyekata kamba. Niliwasafirisha kwenye ndoo yenye kifuniko, saa nne njiani, nimewakumbatia miguuni. Pale Kericho abiria mwenzangu alichungulia akauliza kama ni mbegu ya bwawa. Nikasema ndiyo, kuepusha maneno.

Wakaaji wa Nakuru wawe waangalifu na maji ya visima. Maji mengi ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floridi na magadi, yaani yako upande wa alkali, na neoni na ndugu zake wamezaliwa kwenye mito yenye maji laini ya asidi. Gapi na moli, samaki wadogo wanaoyavumilia maji ya alkali, hawatalalamika sana. Pima kwanza, kisha chagua samaki anayeyapenda maji uliyo nayo. Kuyapinda maji yamfuate samaki kwa dawa za chupa ni kazi ya kila wiki isiyoisha, nami nauza dawa za chupa, kwa hiyo niamini.

Sasa mimea, ambayo kwangu ndiyo iliyookoa kila kitu. Nilianza kwa tamaa. Nilishuka ufukweni nikaona mimea ya bure imejaa, nikabeba mfuko. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimeshaweka kwenye beseni, ndipo nikaona konokono wadogo, bapa, waliojikunja kama kamba ya meli, wakitambaa kwenye majani. Nilirudisha mkono nyuma kama niliyeguswa na pasi. Konokono wa umbo hilo ndio wanaobeba kichocho huku kwetu, na prazikwanteli ni dawa ninayoitoa kaunta kila mara kwa watu wa kando ya ziwa. Niliuanika mfuko mzima juani mpaka ukawa majani makavu. Na gugumaji usilifikirie hata kidogo, hata likichanua maua ya zambarau namna gani. Lilitoka Amerika Kusini, likaonekana katika ziwa hili karibu na mwaka 1990, na hadi leo mitumbwi ya Dunga hukwama ndani yake.

Mimea niliyonayo sasa ni ya kununua, na ni ile isiyodai mengi. Kuna anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani magumu kama ngozi. Kuna feni ya Java. Hiyo miwili usiizike: shina lake la kulala likifunikwa na mchanga huoza. Niliifunga kwenye kipande cha mti kwa uzi wa kushonea, baada ya miezi miwili ikajishika yenyewe. Nyuma kabisa nimepanda valisneria, majani marefu membamba kama utepe yanayofika juu na kulala juu ya maji. Mchanga ni wa mto, nimeuosha ndoo baada ya ndoo mpaka mkono ukachoka, na kabla ya kuutumia niliumwagia siki kidogo. Ungetoa povu ningejua una chokaa. Taa inawaka saa nane kwa siku, si zaidi, maana ukizidisha mwani ndio unaonenepa.

Watu hudhani mimea ni pambo. Kazi yake kubwa katika suala hili la nani akae na nani ni kukata macho. Samaki mkorofi humfukuza anayemwona. Anayefukuzwa akikatiza nyuma ya ukuta wa valisneria, ugomvi umekwisha kwa sababu mgomvi amesahau. Mimea pia hunyonya amonia moja kwa moja, na mchana hutoa oksijeni, ingawa usiku nayo huivuta kama kila mtu. Kwa hiyo stima ikipotea usiku tangi lililojaa samaki kupita kiasi ndilo la kwanza kulia. Nina pampu ndogo ya hewa ya betri ninayoiweka kando ya mishumaa.

Lakini si kila samaki anafaa kuishi na bustani, na hapa pia nilianza kuuliza maswali ya mdomo. Mdomo umeelekea wapi? Ulioelekea juu unakula juu ya maji. Ulio katikati unakula katikati. Ulioelekea chini, wenye sharubu, unapekua sakafu. Ukiwa na watatu wa aina hizo hawagombani mlangoni. Kwa hiyo leo, baada ya kuwarudisha malaika kwa muuzaji kwa nusu bei, chini nina koridora sita wa shaba, kambare wadogo wenye sharubu fupi wanaotembea kwa kundi kama watoto wa nasari walioshikana kamba. Wanapekua mchanga bila kung'oa hata mzizi mmoja. Katikati nina rasbora kumi na wawili, wale wenye pembetatu nyeusi ubavuni. Niliwachagua badala ya neoni kwa sababu wanalivumilia joto la Kisumu vizuri zaidi, kwani neoni hupenda maji yasizidi 26. Juu nina gurami wawili wa rangi ya asali, dume na jike, waoga kiasi cha kuhitaji majani ya kuelea. Na gapi madume sita.

Madume tu. Gapi jike huzaa watoto hai karibu kila mwezi, wakiwa ishirini, thelathini, mara nyingine zaidi, na akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu mwilini kwa miezi. Kwa hiyo hata ukimnunua peke yake umenunua ukoo. Nilikuwa na majike watatu. Nikagawia watoto wa mtaa mzima gapi kwenye mitungi ya siagi ya karanga, mpaka mama mmoja akaja kuniambia kwa heshima, "Daktari, tafadhali, wametosha."

Kila mgeni sasa hukaa wiki mbili au tatu katika tangi dogo la lita sitini kwenye korido kabla ya kuingia sebuleni. Niliwahi kuruka hatua hiyo mara moja tu, kwa samaki mmoja tu, nikapata madoa meupe kama chumvi kwenye samaki wote.

Tangi hilo la korido ndilo lililokuwa tupu siku Baba alipokuja na jerikeni la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Alilishika kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na fulu watano, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati. Kijana mmoja wa Dunga alikuwa amewatoa kwenye wavu wa omena wakiwa bado hai.

"Wale wako ni wa kwa watu," akasema. "Hawa ni wa nyumbani."

Sikuwa na la kusema. Baadhi ya fulu wamerudi tangu mbuta apungue, hilo nilikuwa nalijua, lakini sikuwa nimewahi kuwaona wakiogelea. Nilikuwa nimewaona wakiwa wamekaangwa. Fulu ni wa jamii moja na ngege na malaika, nao ni watu wa mipaka: dume akishika eneo hulichimba na kulilinda, na bustani yangu ingekuwa shamba lililopitiwa na nguruwe kufikia asubuhi. Rasbora wasingemaliza wiki. Nilimweleza Baba hivyo, nikitegemea atakasirika. Akasema, "Kwani nimekwambia uwachanganye?"

Basi wakakaa korido. Niliwawekea mchanga, mawe yaliyopangwa kwa mapango, mmea wowote hapana. Mmoja alikufa siku ya pili. Waliobaki walikuwa dume mmoja na majike watatu, bahati ambayo hata ukiagiza huipati, maana madume wawili katika lita sitini wangeuana. Dume alikuwa wa kijivu alipofika. Wiki moja baadaye alikuwa na mistari myeusi ya kusimama ubavuni na wekundu mgongoni. Nikamwambia Baba kuna fulu wa upande wa Tanzania wenye mistari kama hiyo, ambao wanasayansi waliwaita Pundamilia, kwa Kiswahili hichihichi, na mmoja wao amepewa jina la Nyerere. Akafurahi sana. Alitaka kujua kama yupo wa Jaramogi Odinga wetu.

Mwezi uliopita jike mmoja aliacha kula. Nilimwangalia siku tatu. Chakula kinapita mbele ya pua yake, hafungui mdomo. Amejibanza nyuma ya jiwe, dume akimkaribia anakimbia. Nikapima maji, yako sawa. Nikasoma, nikatoa chupa ya dawa ya minyoo, nikaanza kupiga hesabu ya miligramu kwa lita sitini nyuma ya risiti. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, maana siku hizi kiti chake kiko korido, na watu wanaokuja nyumbani lazima wamzunguke.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa, Baba. Huyu hali. Nadhani ana minyoo."

Hakuinuka. Alinyoosha fimbo yake mpaka ikakaribia kioo.

"Mwangalie kidevu."

Nikapiga magoti. Chini ya taya ngozi ilikuwa imevimba, imekuwa kama kifuko, nyembamba kiasi kwamba mwanga wa dirisha ulipenya kidogo. Ndani ya kifuko kulikuwa na vitu vya duara vya manjano. Kila baada ya sekunde chache alikuwa anavisogeza kama mtu anayezungusha peremende kinywani.

"Wakati wa ngege," Baba akasema, "ulikuwa ukimtoa wavuni watoto wanamwagika mtumbwini kutoka mdomoni, kama mtama. Tulikuwa tunawarudisha majini kwa kata." Akanyamaza kidogo. "Atakaa bila kula wiki mbili, tatu. Weka kando dawa yako. Mtoe huyo mwanamume humo ndani."

Dume nilimtoa kwa wavu, akaenda kwenye ndoo yenye pampu ya betri. Baba akaniomba nizime taa ya korido.